Msitu Hukatwa Juu, Lakini Hufa Chini
Matembezi ya familia katika msitu wa Kibale, Uganda ya Magharibi

Ndugu msomaji, mtu aliyezoea maisha ya kambini hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kichaka ni adui. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, kuruti hupewa fyekeo na kuamriwa kukata kila kitu kilichoota kupita kifundo cha mguu. Kichaka huficha nyoka, huficha mwizi, na wakati wa vita humficha mtu mwenye bunduki. Mimi nilifyeka kwa miaka mingi, na baadaye nikawaamuru wengine wafyeke, wala sikupata kujiuliza hata mara moja kama hayo niliyokuwa nikiyakata yalikuwa na kazi yoyote duniani. Swali hilo lilinijia Desemba iliyopita, nikiwa na mafyekeo matatu mapya mikononi.

Mafyekeo hayo yalikuwa na shughuli yake. Bibi yangu ni Mtooro, na baba yake anaishi katika kijiji kilichopakana na msitu wa Kibale. Chini ya migomba yake, kando ya kijito kinachoteremka kwenda mto Mpanga, kumebaki kipande cha msitu wa asili, yapata ekari moja. Mzee alituma habari kwamba nguvu zimemwishia, na vijana wa siku hizi hawataki kazi ya panga. Basi aliomba mkwewe askari aje akisafishe kipande hicho. Miti mikubwa ibaki, lakini kila kilicho chini yake kiondolewe, pawe peupe kama uwanja wa hospitali, na ndama wapate mahali pa kupumzika. Ombi la baba mkwe halina mjadala. Nilinunua mafyekeo, nikayafunga kwenye gunia, na mara shule zilipofungwa tukapanda basi Kampala, mimi, bibi yangu na watoto watatu.

Safari ya kwenda Fort Portal ni ya kilomita kama 300, kupitia Mityana, Mubende na Kyenjojo. Mtu wa kaskazini kama mimi, aliyezaliwa katika nchi ya nyasi ndefu na miti iliyotawanyika, hawezi kuchoka kuitazama njia hiyo. Baada ya Kyenjojo huonekana mashamba ya chai, yamekatwa sawasawa kama nywele za askari aliyetoka kwa kinyozi. Halafu, kabla ya kufika mjini, barabara huingia ghafla ndani ya msitu mahali paitwapo Sebitoli. Mwanga hupungua, upepo huwa baridi, na nyani hukaa kando ya lami wakiyatazama magari. Mtoto wangu mdogo aliuliza kwa nini miti ile imevaa nguo mpaka miguuni. Tulicheka. Baadaye nilitambua kwamba mtoto alikuwa ameona jambo ambalo mimi sikuliona.

Kabla ya kuanza kazi ya mzee, bibi yangu alishauri tuwapeleke watoto ndani ya hifadhi ili wauone msitu wenyewe. Msitu wa Kibale ulitengwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na mwaka 1993 ukafanywa kuwa Hifadhi ya Taifa. Una eneo la zaidi ya kilomita 760 za mraba, na mvua yake katika upande wa kaskazini ni kama milimeta 1,700 kwa mwaka. Wageni huja kutoka pande zote za dunia kuwatazama sokwe, ambao ni wengi huko kuliko katika msitu mwingine wowote wa Uganda. Sisi hatukuweza kulipia matembezi ya sokwe kwa watu wote watano. Tulilipia matembezi ya kawaida huko Kanyanchu, na kama ilivyotokea, hatukujuta.

Mwanga kama sarafu

Mlinzi wa hifadhi aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo, na bunduki yake ilining'inia begani. Alimsalimu bibi yangu kwa kumwuliza kwanza empaako yake, yaani lile jina la heshima ambalo kila Mtooro hupewa pamoja na majina yake mengine. Alipojibiwa kuwa ni Akiiki, akageuka kwangu. Nikamjibu kwamba mimi si wa huku, lakini siku nilipooa nilipewa empaako ya Amooti.

"Basi Amooti," akasema, "naona unatazama juu. Wageni wote hutazama juu. Leo nakuomba utazame chini."

Tulipotazama chini tuliona kwanza giza. Katika msitu kama huu, majani ya miti mirefu hunywa karibu mwanga wote wa jua, na unaofika ardhini ni kama sehemu moja au mbili tu katika mia. Hata hivyo ardhi haikuwa tupu. Kulikuwa na kangaga, mitambaazi, vijiti vyembamba vyenye majani mawili au matatu, na mimea yenye majani mapana ya kijani kilichoiva. Mlinzi alituonyesha madoa madogo ya jua yaliyokuwa yakitembea polepole juu ya majani hayo, kama sarafu zilizomwagika. Kila doa hukaa mahali pamoja kwa dakika chache, pengine nukta chache tu, kisha huondoka. Mimea ya chini huishi kwa sarafu hizo. Majani yake ni mapana na membamba ili yakusanye haraka kila senti inayodondoka, na mingi katika hiyo hupata sehemu kubwa ya chakula chake cha siku katika dakika hizo chache za jua.

Kisha akachuchumaa, akashika kijiti kimoja kilichofika magotini mwangu. "Hiki unakiona ni nini?" akaniuliza. Nilijibu kwamba ni kichaka. Akatikisa kichwa. Kilikuwa mti, mti wa mbao ambao ukikomaa hufika mita thelathini. Alieleza kwamba mche wa kimo kile waweza kuwa na umri wa miaka mingi. Haukui, wala haufi. Unangoja. Siku mti mkubwa ulio juu yake utakapoanguka kwa upepo au kwa uzee, tundu la mwanga litafunguka, na hapo mche huo, pamoja na mingine mia iliyokuwa ikingoja, utaanza mbio za kwenda juu. Mmoja au wawili watafika.

Kwa lugha ya kazi yetu, niliielewa hali ile mara moja. Kikosi chochote kina wazee wake, na kina kuruti wake. Wazee wakistaafu, nafasi zao hujazwa na kuruti waliokwisha kuwamo kambini. Kikosi kisicho na kuruti kinaweza kupita mbele ya wananchi kwa gwaride safi kabisa, lakini baada ya miaka ishirini kitakuwa kimekwisha. Hayo niliyoyaita kichaka yalikuwa ni kuruti wa msitu.

Ghala ya wakati wa njaa

Si miche ya miti mikubwa peke yake inayoishi chini. Iko mimea ambayo huzaliwa, huzaa na kufa kivulini. Mmoja wao ni jamaa ya tangawizi na iliki, ambao hutoa matunda mekundu karibu na udongo. Watoto wa Tooro huyaita amatehe, na Waganda huyaita matungulu. Ndani yake mna nyama nyeupe yenye ukali na utamu, na mbegu nyingi nyeusi. Bibi yangu alisimama akacheka peke yake kwa sababu alipokuwa mtoto alichapwa mara nyingi kwa kuchelewa shuleni, akiyatafuta. Mmea mwingine ni ule ambao wataalamu huuita Marantochloa. Mabua yake hufaa kuchanwa na kusukiwa vikapu na mikeka.

Mlinzi alitueleza kwamba sokwe hupenda matunda ya miti, hasa ya mikuyu. Lakini kuna miezi ambayo matunda huadimika. Katika miezi hiyo sokwe hushuka chini, wakavunja mabua ya mimea hii na kutafuna moyo wake wenye maji. Wataalamu waliowafuata sokwe wa Kibale tangu miaka ya 1980 wameliandika jambo hili kwa makini. Kwa hiyo uoto wa chini ni ghala ya wakati wa njaa. Mama yeyote mwenye nyumba anajua kwamba ghala haipimwi kwa siku ya sherehe, bali hupimwa kwa mwezi ambao mahindi ya shamba bado hayajakomaa.

Funo na paa hula na kujificha humo humo. Ndege mmoja mdogo mwenye kifua cha kijani, aitwaye pitta, hurukaruka juu ya majani makavu akitafuta wadudu, na wako watu wanaotoka Ulaya na Marekani kuja kumtafuta yeye tu. Tembo naye hupita akiangusha kinyesi chenye mbegu. Uko mti mmoja wa Kibale, Balanites wilsoniana, ambao tunda lake ni kubwa hata hutegemea tembo kulimeza na kuipeleka mbegu mbali na mama yake. Mbegu hiyo nayo huota hapo chini, kivulini, na kujiunga na foleni.

Halafu tukafika penye mti mdogo wenye majani ya kung'aa na tunda moja moja jekundu. Sikumhitaji mtu wa kuniambia jina lake. Ulikuwa mbuni. Zao hili ambalo limewasomesha watoto wengi wa Uganda si mgeni aliyeletwa kwa meli. Kahawa ya robusta ni mwenyeji wa misitu ya nchi hii, na kwao hasa ni hapo chini, kati ya miche na kangaga. Zamani Waganda wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walitafuna buni pamoja, na buni hizo zilitoka katika mimea ya asili moja na huu. Mwaka 1993 ugonjwa wa kunyauka ulionekana katika mibuni ya robusta ya Uganda, na katika miaka iliyofuata uliua mamilioni ya mibuni mashambani. Kwa hiyo wataalamu wanatuhimiza tuitunze mibuni ya mwitu. Mmea wa shambani ukipatwa na ugonjwa mpya, dawa yake huenda imo katika damu ya ndugu yake aliyebaki msituni. Anayefyeka chini ya miti huenda anafyeka dawa hiyo bila ya kujua.

Pengo lisilozibika

Siku ya pili tulikwenda Kanyawara, upande wa kaskazini wa msitu, ambako Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti. Hapo ndipo nilipojifunza upande wa pili wa habari hii. Nisingependa msomaji adhani kwamba kila kichaka ni rafiki.

Mwaka 1968 na 1969 sehemu za msitu huo zilikatwa mbao. Sehemu moja ilikatwa sana. Kiasi cha mita za ujazo 21 za mbao zilitolewa katika kila hekta, na miti iliyoharibika, pamoja na ile iliyoangukiwa na mingine au kukanyagwa na mitambo, ilifikia karibu nusu ya yote. Sehemu ya pili ilikatwa kwa kadiri, mita za ujazo kama 14 kwa hekta, na kiasi cha robo ya miti ikaharibika. Sehemu ya tatu karibu haikuguswa. Mtaalamu Thomas Struhsaker kutoka Marekani alianza kazi yake Kibale mwaka 1970, na baadaye wataalamu wa Makerere kama John Kasenene na Jeremiah Lwanga walizichunguza sehemu hizo kwa miaka mingi.

Waliyoyaona ni mafunzo makubwa. Ilitazamiwa kwamba mahali palipokatwa sana patapata mwanga mwingi, na miti michanga itakua upesi. Haikuwa hivyo. Mwanga ulipozidi, mimea inayopenda jua ilivamia. Mojawapo ni kichaka kirefu chenye miiba, Acanthus pubescens, ambacho hufunga mahali pote hata mtu asipite. Chini ya kichaka hicho panya waliongezeka, wakala mbegu na kukata miche. Tembo nao wakavutwa na majani mabichi, wakarudi tena na tena, wakavunja na kukanyaga miti michanga iliyojaribu kuinuka. Tembo hana kosa, amefuata chakula. Lakini matokeo ni kwamba miongo ya miaka baada ya misumeno kuondoka, sehemu ile bado ilikuwa na mapengo ambayo msitu umeshindwa kuyaziba. Ile iliyokatwa kwa kadiri ilipona vizuri zaidi.

Nilisimama mbele ya kichaka kimoja cha namna hiyo, nikakitazama kwa muda mrefu. Maua yake ni mazuri, ya rangi ya waridi. Nilimwuliza mlinzi kwa nini wasikifyeke tu. Akanijibu, "Afande, mwenye makosa si kichaka. Aliyefungua paa kupita kiasi ndiye mwenye makosa. Mvua ikiingia nyumbani, humlaumu maji."

Ndipo nikafahamu kwamba msitu hukatwa juu, lakini hufa chini. Uoto wa chini unaofaa ni ule unaolelewa na kivuli. Kivuli chote kikiondolewa, huja uoto mwingine usiokuwa na miche ndani yake. Na miche yenyewe ikifyekwa, kivuli kitaendelea kwa muda tu, mpaka miti iliyoko ianguke kwa uzee, na hakuna wa kuirithi.

Habari si za kusikitisha tu. Upande wa kusini wa Kibale ulikuwa umelimwa na watu waliohamia humo, na watu hao waliondolewa mwaka 1992, jambo lililowagharimu wengi. Ardhi waliyoiacha ilifunikwa na mabingobingo yaliyowaka moto kila kiangazi. Tangu mwaka 1994 miti ya asili imepandwa huko, na njia za kuzuia moto zimefyekwa. Palipozuiwa moto, miche mingine ambayo haikupandwa na mtu imeota yenyewe, ikiletwa na ndege, kima na tembo. Hapo fyekeo limefanya kazi njema, kwa kuwa limekata mahali panapostahili kukatwa.

Mafyekeo matatu

Tuliporudi kwa baba mkwe, nilikuwa na mashaka moyoni. Ni vigumu kwa mkwe kumwambia mzee kwamba kazi aliyomwitia haifai kufanywa. Usiku ule bibi yangu alinishauri nisiseme lolote, bali nimwombe mzee twende pamoja na watoto kukitazama kipande chake kabla ya kuanza.

Asubuhi tuliteremka. Niliweka vijiti vinne ardhini, nikafanya mraba wa hatua moja kwa moja, nikawaamuru watoto wahesabu kila mche wa mti uliomo. Walihesabu ishirini na saba. Mzee, ambaye anaijua miti kuliko mimi, aliinama akaanza kuwatajia majina kwa Kitooro, mmoja baada ya mmoja: huu wa mbao, huu wa dawa ya tumbo, huu wa mpini wa jembe. Alipofika kwenye wa kumi alinyamaza. Akasema kwamba mama yake alikuwa akiuchuma huo kwa kikohozi, naye hakuuona kwa miaka mingi, akadhani umekwisha.

Nilimweleza jambo moja zaidi nililoambiwa Kanyawara. Watu hudhani kwamba miti mirefu peke yake hulinda udongo. Kumbe maji yanayokusanyika juu ya majani hudondoka kwa matone makubwa kuliko ya mvua yenyewe, na yakianguka kutoka juu sana hupiga ardhi kwa nguvu. Yanayoyapokea matone hayo na kuyavunja ni uoto wa chini pamoja na majani makavu. Ukiviondoa, udongo utachukuliwa kijitoni, na kijito hicho huingia Mpanga, mto uletao maji ya mji wa Fort Portal, na kwenda hadi ziwa George.

Mzee hakunijibu upesi. Alisema kwamba hayo ni maneno mazuri, lakini nyoka nao wapo, na mwaka uliopita ndama wake mmoja alikufa kwa kuumwa. Hilo nalo lilikuwa kweli, wala sikulibishia. Mwishoni tulipatana. Tulifyeka ukanda wa hatua kumi kati ya migomba na msitu, na njia moja ya kwenda mtoni wanakoteka maji. Ndama wakajengewa zizi upande wa juu wa nyumba. Msitu wenyewe hatukuugusa. Kazi niliyoikadiria kuwa ya wiki mbili ilikwisha kwa siku tatu. Fyekeo moja lilibaki kwa mzee, na mawili nikarudi nayo.

Ndugu msomaji, kambi zetu zitaendelea kufyekwa, na hivyo ndivyo ipasavyo. Uwanja wa gwaride si msitu. Lakini wengi wetu tuna shamba nyumbani, na katika shamba hilo pengine kuna bonde au ukingo wa mto ambapo miti ya babu imebaki. Kabla ya kufyeka, chuchumaa kwanza, weka vijiti vinne, uwaite watoto wahesabu. Ukipanda miti, usifagie majani yaliyoanguka chini yake. Ukiwa na mibuni, kumbuka kwao ni kivulini, uipe mti wa kuifunika na matandazo ya kufunika mizizi.

Siku ya kuondoka, mtoto wangu mdogo alimwuliza babu yake ile miche ishirini na saba itakuwa mikubwa lini. Mzee akamjibu kwamba yeye hataiona, na baba yake pengine hataiona. Kisha akamwambia asisahau mahali vijiti vinne vilipo.